Ukuta wa mawe unapolowa: namna ya kuikausha nyumba kongwe ya chokaa na matumbawe

Anayeishi katika nyumba kongwe ya mawe, iwe Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa, huijua harufu yake kabla hajaona doa lolote. Ni harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi, nayo humlaki mlangoni asubuhi baada ya usiku wa mvua. Baada ya harufu, rangi huvimba na kubanduka, kisha unga mweupe huanza kudondoka sakafuni kila siku hata ukifagia, na mwishowe kabati lililoegemezwa ukutani linafunguliwa, nguo za sikukuu zimeota koga. Hapo wengi wetu humwita fundi, fundi huja na saruji, na baada ya masika mawili tunarudi pale pale, safari hii doa likiwa limepanda juu zaidi. Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba aliyekwisha kuchoka na mzunguko huo, nao umesimama juu ya jambo moja: ukuta wa mawe na chokaa haukauki kwa kuzibwa. Hukauka pale maji yanapozuiwa kuingia, na yale yaliyokwisha kuingia yakaachiwa njia ya kutoka.

Ukuta huu ulivyojengwa

Kuta za nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe yasiyochongwa, yaliyopangwa kwa nyuso mbili, wa nje na wa ndani, na katikati pakajazwa vipande vidogo vya mawe na chokaa, hata unene ukafika nusu mita na mara nyingi ukapita hapo. Chokaa yenyewe ilitokana na matumbawe hayo hayo, yaliyochomwa kwa kuni katika tanuu, yakazimwa kwa maji, kisha yakachanganywa na mchanga na mara nyingi udongo mwekundu. Jiwe la tumbawe limejaa vitundu, na chokaa nayo ina vinyweleo, kwa hiyo ukuta mzima hunywa maji kidogo kidogo wakati wa mvua na kuyatoa kwa mvuke jua linapowaka na upepo unapovuma. Wazee waliojenga hawakuwa na haja ya ukuta usiolowa kabisa. Walitaka ukuta unaokauka upesi kuliko unavyolowa, na ule upakaji chokaa wa mara kwa mara ulikuwa sehemu ya mpango huo, si urembo tu.

Saruji huja na tabia nyingine. Ni ngumu kuliko jiwe inaloshikizwa, haipitishi mvuke kwa urahisi, na ukuta unapocheza kidogo kwa joto na baridi, yenyewe haichezi bali hupasuka. Kupitia ufa mwembamba kama unywele maji ya mvua hufyonzwa ndani, na yakishaingia hayana pa kutokea. Maji yanayopanda kutoka ardhini nayo, yakiukuta uso umefungwa, huendelea kupanda hadi yapate mahali palipo wazi. Rangi ya mafuta hufanya kazi hiyo hiyo ya kufunga, ingawa kwa unene mdogo.

Nililijua hili nyumbani kwa bibi yetu, mtaa wa Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Chumba cha chini kilikuwa kimepigwa lipu ya saruji kimo cha mita moja na nusu kutoka sakafuni, juu yake rangi ya mafuta ya kijani, na miaka miwili baadaye doa lilikuwa limefika juu ya swichi ya taa. Tulipoingiza tindo ukingoni, bamba zima la saruji lilibanduka kama mfuniko wa sufuria. Nyuma yake mawe yalikuwa yanang'aa kwa maji, chokaa ya katikati imelainika kama uji mzito, na chumba kikajaa harufu ya kisima. Bibi aliugusa ukuta kwa kiganja, akasema, "Wajukuu wangu, huyu mgonjwa mmemvisha koti la mpira."

Jua kwanza maji yanatoka wapi

Usinunue mfuko wa kitu chochote kabla ya kujibu swali hili, kwa sababu dawa ya maji ya juu haifanani na dawa ya maji ya chini, na fundi asiyeuliza atakuuzia ile anayoijua. Chukua penseli, tochi na daftari. Zungushia kila doa mstari mwembamba wa penseli ukutani, andika tarehe kando yake, kisha urudi kila wiki mbili kuangalia kama doa limevuka mstari au limerudi nyuma. Kazi hii haina gharama, nayo itakueleza mengi kuliko macho ya siku moja.

Maji yanayopanda kutoka ardhini huacha doa lenye ukingo wa mawimbi, kwa kawaida kimo cha mita moja au zaidi kidogo, likikimbia ukutani kama mstari wa maji kujaa ufukweni, na juu kabisa ya ukingo huo ndipo unga wa chumvi hujikusanya. Ukiona dalili hiyo, toka nje uangalie usawa wa kichochoro. Njia nyingi za miji yetu zimetandikwa tena na tena juu ya zile za zamani, hata nyumba iliyokuwa na ngazi mbili za kupanda mlangoni leo sakafu yake iko sawa na njia, au chini yake. Hapo kila mvua inaegemea ukutani.

Maji ya juu huacha doa la rangi ya chai, hutokea siku moja au mbili baada ya mvua, na mara nyingi huanzia pembeni mwa dari. Nyumba nyingi kongwe zilikuwa na paa bapa la chokaa, kisha zikaongezwa paa la mabati, na pale paa mbili zinapokutana au bati linapogusana na ukuta ndipo maji hupenya. Panda juu mvua inaponyesha, ikiwa kuna njia salama, kwa sababu gata lililoziba kwa majani huonekana zima siku ya jua.

Doa lisilojali msimu, lililo kama duara katikati ya ukuta au chini ya choo cha ghorofani, ni la bomba. Funga mifereji yote usiku, soma mita ya maji, uisome tena alfajiri kabla mtu hajafungua. Ikiwa imesogea, unalo tundu. Vyoo na mabafu mengi yaliongezwa baadaye juu ya sakafu za boriti ambazo hazikukusudiwa kubeba maji, na mpira wa kiyoyozi unaodondokea ukutani kwa miaka mitatu unaweza kuharibu ukuta kama bomba lililopasuka.

Kuna unyevu mwingine usiotoka ndani ya ukuta hata kidogo. Hewa nzito ya pwani inapogusa ukuta uliopozwa na kiyoyozi hugeuka matone juu yake. Ili kuutambua, bandika kipande cha karatasi ya alumini cha sentimita 40 kila upande, ukizibe kingo zote kwa utepe, ukiache siku mbili. Ukikuta matone upande unaoutazama, maji yanatoka hewani. Ukikuta upande uliogusa ukuta umelowa, maji yamo ukutani.

La mwisho ni la chumvi, nalo hudanganya wengi. Nyumba ikiwa ilirekebishwa kwa mchanga wa ufukweni usiooshwa, au imepigwa na upepo wa bahari kwa miongo, chumvi iliyomo ukutani hunyonya maji kutoka hewani kila unyevunyevu wa hewa unapozidi takriban asilimia 75, jambo ambalo katika pwani yetu ni la kila leo. Ukuta wa namna hii hutoka jasho hata kama hakuna mvua wala bomba, kisha ukavu ukirudi chumvi huganda tena ndani ya vinyweleo, huvimba na kuusaga uso wa lipu kuwa unga. Pitisha kidole mahali palipobanduka: ukisikia chembe kama sukari laini na ukaziona ziking'aa kwenye mwanga wa tochi, ni chumvi hiyo.

Zuia maji kabla ya kugusa lipu

Anza juu, ushuke chini. Safisha gata zote, badilisha misumari ya bati iliyokula kutu, na uhakikishe mlizamu unatupa maji mbali na ukuta. Mbegu za mitini na mikuyu zinazoletwa na ndege huota katika nyufa za ukingo wa paa. Usiing'oe miti hiyo kwa nguvu, maana mizizi itatoka na mawe. Ikate, ua shina lililobaki, kisha ujaze ufa kwa chokaa.

Chini, ondoa udongo, kifusi na vyungu vya maua vilivyoegemea ukuta. Mahali palipo na ua wa ndani au uwanja wako mwenyewe, shusha usawa wa ardhi hadi uwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani na uupe mteremko wa kuyapeleka maji mbali. Ukihitaji mtaro wa kokoto, uchimbe mbali kidogo na ukuta na usishuke chini ya msingi, kwa kuwa misingi ya nyumba hizi mara nyingi haina kina kirefu na ukiifunua unauondolea ukuta kile unachokikalia. Kichochoro cha nje si chako, kwa hiyo hapo huna budi kuomba. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na ujenzi au ukarabati ndani yake huhitaji kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Lamu imo tangu mwaka 2001, na huko uanzie kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Nenda hata kama kazi yako unaiona ndogo, kwa sababu katika ofisi hizo utakutana pia na watu wanaowajua waashi wa chokaa waliobaki, na mwashi wa namna hiyo ana thamani kuliko dawa yoyote ya dukani.

Kubandua na kusubiri

Zima umeme wa chumba kwenye swichi kuu kabla ya tindo la kwanza. Waya ndani ya ukuta uliolowa ni kifo. Vaa barakoa na miwani. Bandua saruji yote iliyo kwenye eneo lenye unyevu, na uvuke mstari wa juu wa doa kwa sentimita 50 hivi, kwa mkono, nyundo ndogo na tindo, bila mashine ya kutikisa. Mahali saruji imeshikamana na jiwe kiasi cha kulivunja, iache kwanza, urudi baada ya miezi michache ukuta ukishapungua maji. Safisha viungo kati ya mawe kwa kina cha sentimita 2 au 3, na uangalie ncha za boriti zilizozama ukutani: zichome kwa kisu kidogo. Kisu kikisimama, boriti ni nzima. Kikizama kama kwenye mkate, simamisha kazi, tegemeza dari kwa nguzo, umwite mtaalamu.

Vivyo hivyo ukuta uliobenuka tumbo, au ufa unaopanuka kati ya alama mbili za penseli, si kazi ya mwongozo huu. Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883 lililosimama mbele ya bahari ya Zanzibar, iliporomoka na watu wawili wakafariki. Ukuta ukitoa tumbo, wahamishe watoto kwanza, mengine yafuate.

Chumvi iliyo juu ya mawe isafishwe kavu, kwa brashi ngumu, ikikusanywa kwenye karai na kutupwa nje ya nyumba. Usiioshe kwa maji, maana utakuwa umeiyeyusha na kuirudisha ndani. Chumvi ikiwa nyingi, piga lipu dhaifu ya chokaa na mchanga, sehemu 1 kwa 4, uiache miezi kadhaa inyonye chumvi, kisha uibandue uitupe. Wapo watakaokuona umepoteza kazi. Lipu hiyo ilikusudiwa kufa badala ya jiwe.

Kisha usubiri. Mafundi wa nyumba za mawe wana kanuni ya kukadiria: ukuta hukauka karibu inchi moja kwa mwezi, baada ya maji kuzuiwa. Kwa ukuta wa nusu mita unaopumua upande mmoja tu, hiyo ni zaidi ya mwaka na nusu. Najua utauliza nani ataishi na mawe yaliyo uchi kwa muda huo, tena mwenye wageni wa kulala. Lakini huna haja ya kungoja mwisho wa kanuni hiyo. Subiri walau kiangazi kimoja kizima, fungua madirisha pande zote mbili hewa ipite saa za mchana zenye upepo, sogeza makabati shubiri nzima kutoka ukutani, na lipu ya chokaa utakayoipiga baadaye itaendelea kuutoa unyevu uliobaki.

Lipu mpya

Wakati mzuri ni kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, mvua za masika zikiwa zimeisha na jua halijawa kali. Tumia chokaa iliyozimwa na kulala ndani ya maji kwa wiki kadhaa, na ikiwezekana kwa miezi. Kadiri inavyolala ndivyo inavyolainika na kushika. Ukiizima mwenyewe, tia chokaa ndani ya maji, kamwe usimwage maji juu ya chokaa, kwani huchemka na kuruka. Vaa glavu na miwani, weka watoto mbali, na ikiingia jichoni osha papo hapo kwa maji mengi safi bila kuacha, kisha uende hospitali.

Mchanga uwe wa nchi kavu, mkali, wenye chembe kubwa na ndogo pamoja, uliooshwa. Kipimo ni sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga. Eneo la chini linalopata maji mengi linafaidika ukiongeza unga wa tofali za kuchoma au vigae vya udongo vilivyosagwa, ambao huipa chokaa uwezo wa kushika hata penye unyevu. Usikubali fundi akutilie "kidogo tu cha saruji ikauke upesi". Atasema ni desturi, atasema kila mtu hufanya hivyo, na atakuwa mkweli. Ndiyo maana kuta zimelowa.

Lowesha mawe jioni moja kabla, na tena asubuhi. Jaza mashimo kwanza kwa vijiwe na chokaa, siku moja kabla ya lipu. Tabaka la kwanza lirushwe kwa mwiko ili lishike, unene usizidi milimita 12, likwaruzwe likiwa bado laini. Lifunike kwa magunia yaliyoloweshwa na uyanyunyizie asubuhi na jioni kwa wiki nzima, kwa sababu chokaa haikauki kama nguo: hugeuka tena kuwa jiwe polepole kwa kuvuta hewa, na ikikaushwa na jua kwa haraka hubaki unga. Baada ya wiki hiyo piga tabaka la pili, jembamba zaidi, ukimwambia mwashi asilisugue kwa chuma hadi ling'ae, kwani uso unaong'aa umefunga vinyweleo.

Lipu isiguse sakafu. Acha mwanya wa sentimita 2 chini, vinginevyo itayafyonza maji ya sakafu kama utambi.

Rangi

Hapa ndipo kazi ya mwaka mzima huweza kuharibiwa kwa alasiri moja. Rangi ya mafuta, rangi za "kuzuia maji" na marumaru za kubandika hazina nafasi kwenye ukuta huu. Paka chokaa iliyokorogwa na maji hadi iwe nyepesi kama maziwa, juu ya ukuta uliolowanishwa kidogo, matabaka manne au matano membamba, kila moja siku yake. La kwanza litaonekana kama hujapaka kitu. Usiongeze unene, litapasuka. Chokaa mbichi ni kali kwa koga, kwa hiyo doa dogo likirudi huhitaji dawa: lisugue likiwa kavu, ukiwa umevaa barakoa, kisha ulipitie kwa brashi ya chokaa.

Kuna watakaokushauri kutoboa ukuta na kuingiza dawa ya kuzuia maji yasipande. Katika ukuta wa tofali zilizopangwa sawa, dawa hiyo ina njia ya kuenea. Katika ukuta ambao katikati yake ni vifusi na mianya, dawa hukimbilia kwenye nafasi tupu na kuacha mapengo ambayo maji huyapitia, nawe umekwisha kulipa na kutoboa mawe ya bibi yako.

Kila Februari, kabla ya masika, panda tena kwenye paa, safisha gata na upitie nyufa. Alama za penseli uziandike upya juu ya chokaa mpya. Kiponda, mstari wetu ulikuwa sentimita 160 siku tuliyobandua saruji. Kipupwe cha pili ulikuwa 40, na hapo ndipo uliposimama, kwa kuwa usawa wa kichochoro hatukuweza kuushusha. Chini ya mstari huo hatuweki kabati wala kitanda, na mvua za masika zikiisha tunapaka chokaa, ndoo moja, kazi ya asubuhi moja.